Moyo Ukichoka, Ini Huchelewa Kuondoa Dawa

Brussels

Hapa Brussels katika mtaa wa Matonge, walikozoea kukutana Wakongo, si ajabu kumwona mtu akifungasha vidonge vya moyo ampelekee ndugu yake Bukavu au Goma. Upendo huo una hatari yake, na hatari hiyo imejificha kwenye ini.

Dawa nyingi huvunjwavunjwa na ini. Kwa mtu mzima mwenye afya, ini hupitiwa na takriban lita moja na nusu ya damu kila dakika, yaani kama robo ya damu yote inayosukumwa na moyo. Moyo unaposhindwa kusukuma damu ipasavyo, mkondo huo hupungua. Upande wa kulia wa moyo ukielemewa, damu husongamana ndani ya ini lenyewe, likavimba.

Zipo dawa ambazo ini huzinasa kwa sehemu kubwa zinapopita mara moja tu: lidokaini, mofini, propranololi. Kasi ya kuondolewa kwake hutegemea damu inayolifikia ini. Lidokaini ni ile ile ya ganzi kwa daktari wa meno, ila hospitalini huweza kutolewa kwa dripu ili kutuliza mapigo ya moyo yaliyovurugika. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1973 ulionyesha kwamba wagonjwa ambao moyo wao umeshindwa huiondoa polepole kuliko watu wenye afya. Wakipewa dozi ya kawaida, dawa hulimbikizana: ganzi midomoni, kuchanganyikiwa, hata degedege. Ndiyo maana madaktari hupunguza dripu hiyo, mara nyingi hadi nusu.

Warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, ina kisa tofauti. Ini huinasa kidogo kidogo, hivyo kinachoamua ni uwezo wa ini lenyewe, wala si mkondo wa damu. Lakini ini lililosongamana hudhoofika, na dozi iliyomfaa mgonjwa mwezi uliopita yaweza leo kumtoa damu.

Uchunguzi wa THESUS-HF, uliochapishwa mwaka 2012, ulifuatilia wagonjwa 1,006 katika nchi 9 za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 52. Ni watu wa makamo, wenye familia za kulisha, na ndio wanaopokea vifurushi hivyo. Kabla ya kumeza, daktari wa huko anahitaji kujua kama miguu imevimba, kama uzito umepanda ghafla, na ni dawa zipi nyingine zinazotumika.