Je, Wajua? Kengele Iliyozaa Jina la Kengeleni

Mombasa hutambulishwa kwa pembe za ndovu za aluminiamu zilizoko Barabara ya Moi, karibu na bustani ya Uhuru. Lakini kumbukumbu yenye uzito zaidi iko ng'ambo ya daraja la Nyali: kengele ya Frere Town. Pembe zilisimamishwa miaka ya 1950 kuilaki familia ya kifalme ya Uingereza; zilikuwa pambo. Kengele ilikuwa na kazi. Shirika la wamishonari la Church Missionary Society lilianzisha Frere Town mwaka 1875 iwe makazi ya watumwa walioachwa huru, miaka 2 tu baada ya Sultani Barghash wa Zanzibar kukubali kwa mkataba kufunga masoko ya watumwa. Mkataba huo haukuondoa hatari, basi kengele ikalizwa kuwaonya watu kwamba watekaji wanakuja.

Atakayesema pembe ndizo maarufu zaidi hakukosea, ila umaarufu wa picha haupimi uzito wa historia. Pembe halisi na watumwa walisafirishwa katika misafara ileile. Sanamu inayoonyesha pembe bila mchukuzi wake imesimulia nusu ya habari. Kengele, kwa upande wake, iliwapa wenyeji jina la mahali, na njia panda ile ingali ikiitwa Kengeleni. Upitapo hapo, simama uitazame.