Miraa Haiongezi Saa kwenye Siku

Swali ni lile lile, kuanzia walinzi wa usiku wa Embu hadi madereva wa Maua: "Daktari, nikikesha na miraa mwaka mzima, mwili si utazoea tu?" Hautazoea. Nimelijibu mara nyingi kiasi kwamba sasa naliandika, ili atakayeniuliza tena nimpe gazeti.

Mwili huzoea mchana mrefu au mfupi. Muuguzi wa Chuka anayehamia London hukuta mchana wa saa 16 na zaidi mwezi Juni, na usiofika saa 8 Desemba. Atalala vibaya kwa muda kisha atatulia, kwa sababu mzunguko wenyewe bado ni wa saa 24. Sisi hata mtihani huo hatuna: kwa mwaka mzima mchana wa Embu hautofautiani kwa zaidi ya dakika 5, na Meru mjini, karibu kabisa na ikweta, tofauti haifiki dakika moja. Kisichowezekana ni kuunyoosha mzunguko upendavyo.

Hilo limejaribiwa. Mwaka 1938 Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago na msaidizi wake Bruce Richardson walikaa siku 32 ndani ya pango la Mammoth Cave, Kentucky, wakifuata ratiba ya saa 28. Richardson, kijana, alielekea kuifuata. Kleitman, mwenye miaka 43, hakuweza. Joto la mwili wake liliendelea kupanda na kushuka kwa saa 24. Mwaka 1999 Charles Czeisler na wenzake wa Harvard walirudia ratiba kama hiyo, safari hii kwenye mwanga hafifu. Saa ya mwili, kwa vijana na wazee, ilibaki kwenye wastani wa saa 24 na dakika 11.

Sasa tuje kwenye jani. Kathinoni iliyomo kwenye miraa, muguka ukiwemo, ni ndugu wa amfetamini: humwaga dopamini ubongoni, moyo unakwenda mbio, presha inapanda, njaa inakimbia na macho yanabaki wazi. Lakini haja ya usingizi haijaondoka hata kidogo. Kumziba mdai mdomo si kulipa deni. Na kinachoiongoza saa ya mwili ni mwanga unaopita machoni, si kilichojaa shavuni.

"Mimi nimechana miraa miaka 20 na sijaanguka." Basi una bahati, na bahati haipimwi maabara. Kinachopimwa ni hiki: watu wanaolala pungufu kwa wiki mbili mfululizo huendelea kuzembea zaidi kila siku, huku wenyewe wakisema wameshazoea. Ulichozoea ni kuchoka. Halafu asubuhi handas, yaani ule mchangamko wa miraa, imegoma kushuka, unaongeza bia mbili "za kuleta usingizi". Bia inakuangusha, kisha inaukatakata usingizi wenyewe. Unaamka mchana ukiwa hoi, na dawa yako ni nini? Karatasi nyingine ya muguka.

Sina ugomvi na zao. Karo nyingi za Igembe na Mbeere zimelipwa na majani haya, na mvutano wa 2024 kuhusu kupigwa marufuku kwa muguka kule Mombasa na Kilifi nawaachia wanasiasa. Ninachokataa ni kuuziwa jani kama dawa ya usiku.

Kama kazi ni ya usiku: washa taa kali mwanzoni mwa zamu, zipunguze kuelekea mwisho. Kahawa au chai inywe nusu ya kwanza tu. Kama lazima utafune, acha saa 6 au zaidi kabla ya kulala. Asubuhi vaa miwani ya jua unaporudi, ila si kama wewe ndiye dereva na umechoka. Hapo panda matatu. Dirisha lizibwe kwa blanketi, simu izimwe. Lala dakika 20 kabla ya zamu. Na mwajiri, zamu zikibadilika, zisogeze mbele: asubuhi, jioni, usiku, si kinyume chake.

Dereva ambaye hajalala tangu jana aegeshe gari, hata kama shavu limejaa. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, kusinzia sekunde 3 ni zaidi ya mita 60 za barabara ambazo gari limekwenda peke yake.