Fleti Isiyo na Ua: Kupanga Nyumba, Duka na Ofisi kwa Sitara



Apitaye barabara ya Likoni kwenda Lunga Lunga siku hizi, tangu Ukunda hadi hapa kwetu Msambweni, huyaona majumba ya ghorofa yakichomoza mahali palipokuwa na minazi na miembe. Hatulilaumu jambo hilo. Ardhi imekuwa adimu, vijana wetu wameajiriwa hospitalini, mashuleni na katika mahoteli ya Diani, nao wanapooa huanza maisha katika fleti ya kupanga. Linalotusikitisha ni kwamba nyumba hizo zimechorwa kana kwamba hakuna mtu atakayebisha hodi, nasi tukaingia humo na mama zetu, wake zetu na mabinti zetu, kisha jambo la kwanza tukalolikimbilia likawa kununua makochi.

Tuiangalie kwanza nyumba tuliyoiacha. Nyumba ya pwani hii ya kusini, iwe ya udongo na makuti au ya mawe na mabati, ilikuwa na daraja tatu. Mbele palikuwa na baraza: hapo mgeni wa kiume huketi, akanywa kahawa, akamaliza haja yake na kwenda zake bila ya kujua ndani mna watu wangapi. Kisha ukumbi, uliopita katikati ya vyumba, wakaingia humo jamaa na majirani. Nyuma kabisa ua, uliozungushiwa makuti au ukuta, ambamo mlikuwa na jiko, mtungi wa maji na kamba ya kuanikia. Uani mwanamke alikaa kichwa wazi, akikuna nazi au akisuka ukili, upepo ukimpiga, wala asichelee jicho la mtu.

Wenzetu wa Lamu, ambao mji wao wa kale uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, waliyajenga hayo hayo kwa mawe. Nje waliweka daka lenye viti vya mawe. Baada ya mlango pana tekani, na njia hupinda kabla ya kukifikia kiwanda kilicho wazi juu, hata mlango ukiachwa wazi mpita njia asione ila ukuta. Vyumba vikafuatana, kila kimoja kikiwa ndani zaidi kuliko kilichotangulia, hadi kukifikia kile cha zidaka, vishubaka vya chokaa iliyochongwa vilivyowekwa sahani za kaure. Vyumba vile vilikuwa vyembamba, upana wake kiasi cha mita 3 au pungufu, kwa kuwa dari zilibebwa na boriti za mikoko, na boriti ikizidi urefu huo hulemewa. Watu huzistaajabia zidaka wakadhani pambo ndilo lililotangulia. Kilichotangulia ni mpango wa nani aone nini, na aone akiwa wapi. Ukuta ulipambwa baadaye.

Fleti imeondoa baraza na ua, ikabakisha ukumbi peke yake. Mlango ukifunguliwa, aliyesimama nje huona kochi, meza ya chakula, jiko lisilo ukuta, na mara nyingi mlango wa chumba cha kulala. Ndiyo maana mama wa fleti hushinda na mtandio kichwani mbele ya jiko la gesi, madirisha yamefungwa na mapazia yameshushwa, katika joto la Februari. Tumesikia kina mama wakisema kwamba hupumzika tu pale wanapokwenda kwa wazazi wao kijijini. Nyumba iliyotakiwa kuwa sitara imekuwa buibui la pili.

Katika Surat An-Nur, aya ya 27, tumeamrishwa tusiingie nyumba zisizo zetu mpaka tutake idhini na tuwatolee salamu wenyewe. Aya ya 58 ya sura hiyo hiyo inaingia ndani zaidi: watumishi na watoto wadogo watake idhini nyakati tatu, kabla ya sala ya alfajiri, wakati wa adhuhuri nguo zinapovuliwa, na baada ya sala ya isha. Na imepokewa na Abu Dawud kwamba Mtume (s.a.w.) alipofika mlangoni kwa mtu hakuukabili mlango, bali alisimama upande wa kuume au wa kushoto, kwa kuwa milango ya siku zile haikuwa na mapazia. Basi na tujiulize: mtoto atataka idhini vipi ikiwa baina yake na wazazi wake hamna kizuizi chochote? Na mgeni mwenye adabu asimame upande gani, ilhali korido ya ghorofa ni nyembamba na mlango wa jirani umetazamana na wetu?

Kwa hiyo twashauri kwamba fedha ya kwanza ya kupamba nyumba iende kwenye baraza. Mtafute seremala akutengenezee ubao wa matundu, urefu wake upite kichwa cha mtu mzima lakini usiguse dari, upepo upate njia. Usimamishwe hatua mbili kutoka mlangoni, na mbele yake liwekwe benchi jembamba na kishubaka cha viatu. Hapo ndipo mleta maji, fundi wa umeme na rafiki wa kijana wako watakaposimama. Mpangaji aliyekatazwa kutoboa ukuta ageuze mgongo wa kabati la vitabu uelekee mlango, na mgongo huo aufunike kwa mkeka wa ukindu. Mikeka hiyo husukwa na mama zetu hapa hapa Kwale, nasi hatuoni kwa nini ukuta wa Mwislamu wa Msambweni uvishwe plastiki yenye picha ya matofali.

Ua nao upo, ila umegeuzwa stoo. Tunakusudia roshani. Toeni humo mtungi wa gesi mtupu na baiskeli mbovu, mteremshe pazia la matete kutoka juu hadi chini, muweke jamvi na vyungu viwili vya mrehani. Matete hupitisha pepo za kusi na kaskazi, na jicho la nje likazuiwa. Hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui: pazia jepesi huficha mchana tu, kwa sababu nje pana mwanga kuliko ndani. Taa ikiwashwa magharibi, mambo hugeuka, na aliye barabarani huona kila kivuli kipitacho. Dirisha linahitaji mapazia mawili, jepesi la mchana na zito la usiku.

Mahali pa sala pasitengwe kwa kubahatisha. Msambweni na Makka zote zimo baina ya nyuzi 39 na 40 mashariki, hivyo kibla chetu ni kaskazini karibu moja kwa moja. Ukiielekea bahari, kibla kiko mkono wako wa kushoto. Ukuta wa kaskazini usiwekwe televisheni wala kioo kikubwa. Wapo wanaotuuliza kama ni lazima wavunje choo walichokikuta kimeelekea kibla. Katika madhehebu yetu ya Shafi jambo hilo limelegezwa ndani ya jengo, kwa hiyo viacheni vigae vya mwenye nyumba. Picha za viumbe ni jambo jingine: Bibi Aisha (r.a.) alipotundika pazia lenye picha, Mtume (s.a.w.) hakuliridhia, likakatwa likawa mito ya kuegemea. Kitambaa hakikutupwa, na mafunzo ya hadithi ile ni pamoja na hayo.

Kuhusu vyombo tutakuwa wafupi. Katika Sahihi Muslim mna hadithi inayomhesabia mtu tandiko lake, la mkewe na la mgeni, na la nne likahesabiwa la shetani. Sebule ya mita 4 iliyojazwa makochi ya watu saba, tena ya mkopo wa riba, imekwisha kusema habari zake. Na zile mbao za unga wa kubandikwa huvimba kwa unyevu wa bahari hata mlango wa kabati usifungike. Fundi wa kwetu akipewa mnazi au mwembe uliokauka vizuri, atakutolea kitu cha kurithiwa.

Madukani hali ni nzito zaidi, maana huko binti huvua nguo. Kijumba cha kujaribia nguo kiwe na mlango wa komeo, wala isiwe pazia la shilingi mia linalopepea kila feni inapogeuka. Kioo kiwe ndani yake. Kikiwekwa nje kukabili kijumba, kila pazia likisogea kioo humwonyesha aliyemo kwa wote walioko kaunta. Kamera ya ulinzi itazame mlango na sanduku la fedha tu. Dada, ukiingia dukani ukaona kamera juu ya kijumba, rudisha nguo utoke.

Ofisi ina kanuni iliyo kinyume na ya nyumba. Nyumbani twataka upepo upite na macho yasipite. Ofisini twataka macho yapite na sauti isipite. Mwanamke aliyekuja kueleza habari ya talaka, mirathi au maradhi yake hafai kukaa na mwanamume ajinabi nyuma ya mlango wa mbao uliofungwa, kwa sababu ya khalwa. Wala hafai kuyasema kaunta, watu kumi wa foleni wakimsikiliza. Tumeshuhudia mama wa makamo akiulizwa kwa sauti kubwa, mbele ya vijana wa umri wa wanawe, mumewe amemwacha mara ngapi. Alitoka bila ya kujibu, na haki yake hakuifuata tena. Mlango wa kioo kinene, zulia sakafuni na viti vya foleni vilivyosogezwa mbali vingetosha.

Kwa ndugu zetu wenye viwanja wanaokusudia kujenga za kupangisha, ombi letu ni moja. Mchoro ukiletwa, msiutie saini mpaka mmewaonyesha wake zenu. Muulizeni fundi mchoraji: mlango huu ukifunguliwa, nini kitaonekana? Milango miwili inayotazamana korido moja isogezwe ipishane, kiasi cha upana wa mlango mmoja. Karatasini hilo ni kazi ya penseli na kifutio. Ukuta ukishasimama, mwenye kulipa atakuwa mpangaji, kila mwezi, pamoja na kodi yake.