Mbio zikiisha, ualimu huanza

Ukiamka mapema mjini Nakuru na kushika njia ya kwenda Njoro, Molo au Nyahururu, hutakosa kuwaona. Ni vijana wa kike na wa kiume, wakitimua mbio kandokando ya barabara kabla jua halijapanda. Huenda mmoja wao ni wako. Na huenda jioni, baada ya chakula, swali limekwisha kuulizwa nyumbani kwenu: je, mtoto huyu aachwe akimbie, au akazaniwe masomo?

Wazazi wengi hulijibu swali hilo kana kwamba ni lazima kuchagua moja na kutupa jingine. Ndiyo maana leo tunakuletea kisa cha mwanariadha wa Bonde la Ufa ambaye hakutupa lolote, na ambaye miguu ilipochoka aligeuka kuwa mkufunzi wa chuo kikuu huko Marekani. Jina lake ni Paul Ereng.

Bingwa aliyekuwa mwanafunzi

Ereng alizaliwa Kitale mwaka 1967 na kusomea Starehe Boys' Centre, Nairobi, ile shule iliyoanzishwa mwaka 1959 na ambayo imewasomesha wavulana wengi wasiokuwa na karo. Siku hizo alikuwa akikimbia mita 400. Kutoka hapo alipata nafasi katika Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, akageukia mbio za mita 800.

Mwaka 1988, msimu wake wa kwanza katika mbio hizo, akawa bingwa wa vyuo vikuu vya Marekani. Ilipofika Septemba alikuwa Seoul kwa michezo ya Olimpiki. Katika fainali walikuwamo Joaquim Cruz wa Brazil, bingwa wa mwaka 1984, na Said Aouita wa Morocco. Kijana wetu wa miaka 21 alikaa nyuma kwa utulivu huku wenzake wakisukumana mbele. Walipoingia sehemu ya mwisho iliyonyooka, akawapita mmoja baada ya mwingine, akiwemo Cruz mwenyewe, na kushinda kwa dakika 1 na sekunde 43.45. Dhahabu hiyo, msomaji, ilinyakuliwa na mtu ambaye bado alikuwa na mitihani ya kufanya!

Mwaka 1989 na tena mwaka 1991 alikuwa bingwa wa dunia wa mashindano ya ukumbini. Lakini miguu ina msimu wake kama mahindi. Huko Barcelona mwaka 1992 Ereng hakufika fainali, wala hakuwa ametimiza miaka 25 bado. Hebu fikiria: mtu ana nguvu zake zote, amekwisha kuwa bingwa wa Olimpiki, na mbele yake kuna miaka 30 au 40 ya kutafuta riziki. Atafanya nini? Tumewaona mashujaa wengi waliorudi nyumbani na vikombe, kisha pesa zikaisha na vikombe vikabaki kabatini.

Dhahabu ya pili

Mwaka 2003 Ereng alijiunga na Chuo Kikuu cha Texas kilichoko El Paso, mji wa jangwani mpakani mwa Marekani na Mexico, akiwa mkufunzi wa mbio. Chuo hicho hakikuwa kigeni kwa watu wa kwetu. Katika miaka ya 1970 Wakenya James Munyala na Wilson Waigwa walikikimbilia, na baada yao akaja Mtanzania Suleiman Nyambui, aliyepata medali ya fedha ya mita 5,000 katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980.

Kwa miaka mingi Ereng aliwapokea vijana waliotoka huku kwetu. Anthony Rotich alikuwa bingwa wa vyuo katika mbio za kuruka viunzi na maji mara tatu mfululizo, 2013 hadi 2015. Kisha akaja Emmanuel Korir, ambaye mwaka 2017 alitwaa ubingwa wa vyuo wa mita 800, ukumbini na uwanjani. Mwezi Agosti 2021, huko Tokyo, Korir alishinda dhahabu ya Olimpiki katika mita 800, mbio zile zile ambazo mwalimu wake alizishinda miaka 33 iliyotangulia. Naam, mwalimu alikuwa amepata dhahabu ya pili bila kuvaa viatu vya mbio.

Kazi ya mkufunzi wa chuo

Usidhani kazi yake ni kushika saa tu. Chama kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani, NCAA, kimeweka sheria kwamba mazoezi yasizidi saa 20 kwa wiki wakati wa msimu, na kuwe na siku moja ya mapumziko. Mwanafunzi lazima asajiliwe kwa masomo ya kutosha na apate alama zinazotakiwa. Asipozipata, hakimbii hata awe na kasi ya swara. Kwa hiyo mkufunzi hufuatilia maksi kama anavyofuatilia muda wa mbio. Kijana aliyetoka kijijini kwenda nchi ya watu anahitaji mtu anayejua upweke wake, na anayejua pia kwamba kitabu kikifungwa, uwanja nao hufungwa.

Na ufadhili si bahari isiyokauka. Kwa miaka mingi, hadi 2025, timu ya riadha ya wanaume katika daraja la juu iliruhusiwa kutoa ufadhili kamili 12.6 tu, ugawanywe kati ya wakimbiaji, warukaji na warushaji wote. Wanawake walipata 18. Wengi walilipiwa sehemu tu ya karo, na nyingine ikatoka mfukoni kwa mzazi. Sheria hizo zimebadilika mwaka 2025, kwa hiyo usitegemee uliyosimuliwa na jirani. Uliza chuo chenyewe.

Si riadha peke yake

Ikiwa mwanao hapendi kukimbia bali hushika raketi, mlango ni ule ule. Paul Wekesa alipitia Chuo Kikuu cha Tennessee kilichoko Chattanooga kabla ya kucheza tenisi ya kulipwa, na mwaka 1995 akafika nafasi ya 100 duniani. Angella Okutoyi, aliyelelewa na nyanya yake Nairobi, alishinda taji la wasichana wawili wawili huko Wimbledon mwaka 2022, kisha akajiunga na Chuo Kikuu cha Auburn. Angeweza kusema taji limetosha. Hakusema.

Ewe mzazi, na wewe mwanafunzi

Basi ufanye nini? Kwanza, mtoto amalize kidato cha nne na matokeo yake ya KCSE yawe ya kuonyeshwa watu, kwa maana mkufunzi wa ng'ambo huyaomba mapema. Pili, andika muda wa kila shindano alilokimbia, mahali na tarehe. Tatu, kabla hajapokea zawadi ya pesa au kutia sahihi mkataba wa wakala, uliza kama hilo litamzuia kuchezea chuo. Nne, mtu akikwambia atakuuzia nafasi ya ufadhili, mwonyeshe mlango. Chuo hutoa ufadhili, hakiuzi.

Na ikiwa Marekani haitapatikana, si mwisho wa dunia. Egerton iko hapo Njoro, ilianza kama shule ya ukulima mwaka 1939, na hata vyuo vyetu huhitaji wakufunzi wanaojua uwanja na darasa kwa pamoja. Mwanao anaweza kuwa mmoja wao.

Kwa hivyo kesho alfajiri, ukimsikia akifungua mlango kwenda mazoezini, mwache aende. Lakini akirudi, akishaoga na kunywa chai, mwulize kitabu kiko wapi.