Enzi ya Regency, kuanzia London hadi Vilima vya Ngong

Mpwa wangu anayeishi upande wa Laiser Hill, Kajiado, anazipenda mno zile riwaya za wasichana wa London wanaocheza dansi jioni na kupambana na mizimu usiku wa manane. Ameniuliza kwa nini waandishi wote hukimbilia miaka ileile. Namjibu hapa, maana najua hayuko peke yake.

Miaka yenyewe ni michache. Mwanzoni mwa 1811 Mfalme George wa Tatu wa Uingereza alikuwa ameshavurugikiwa na akili kwa maradhi, na Februari mwanawe akapewa madaraka ya kutawala kwa niaba yake. Kipindi hicho ndicho Regency, na kiliisha mfalme alipofariki Januari 1820. Jane Austen alianza kuchapisha riwaya zake mwaka 1811. Karne iliyofuata Georgette Heyer akakigeuza kipindi hicho kuwa nyumba ya hadithi za mapenzi. Uchawi uliingia baadaye: Patricia Wrede na Caroline Stevermer walitoa Sorcery & Cecelia mwaka 1988, kisha Susanna Clarke akatoa Jonathan Strange & Mr Norrell mwaka 2004.

Kinachowavuta waandishi hawa, kwa maoni yangu, ni masharti ya adabu. Binti wa ukoo wa heshima hakuruhusiwa kukaa faragha na mwanamume asiye ndugu yake. Shamba la baba mara nyingi lilirithiwa na wanaume, kwa hiyo ndoa ilikuwa riziki. Katika maisha ya namna hiyo siri ndogo yatosha kumwangamiza mtu. Mpe binti huyo uwezo wa kusikia wafu, na kila mlango unaofunguliwa ghafla unakuwa hatari. Nje kuna vita vya Napoleon hadi 1815, basi wapelelezi na maafisa wa jeshi hawakosekani.

Kuna jambo moja linaloniuma katika vitabu hivi. Sukari iliyomo kwenye vikombe vya chai vya mabinti hao ilitoka mashamba ya Karibi. Uingereza ilipiga marufuku biashara ya watumwa mwaka 1807, lakini sheria ya kukomesha utumwa wenyewe ilingoja hadi 1833. Waandishi wengi hulipita hilo kimyakimya. Zen Cho hakulipita: katika Sorcerer to the Crown, ya mwaka 2015, mkuu wa wachawi wa Uingereza ni Mwafrika aliyekombolewa utumwani. Anza na kitabu hicho, mwanangu. Tena mwaka uleule wa 1811, nahodha Mwingereza Thomas Smee alifika Zanzibar akaandika alivyoona watu wakiuzwa sokoni.

Kwa hiyo miaka hiyo ni yetu pia. Yapata 1812, majeshi ya Pate na ya Wamazrui wa Mombasa yalishuka Shela kuivamia Lamu. Yakashindwa, na yalipokimbilia majahazi yakakuta maji yamekupwa, vyombo vimekwama mchangani. Waliuawa kwa wingi. Washairi walikuwa wamo vitani: Muyaka bin Haji upande wa Mombasa, Bwana Zahidi Mngumi upande wa Lamu, wakirushiana mafumbo na kejeli. Baada ya ushindi Lamu ikaomba ulinzi wa Sayyid Said wa Oman, na historia ya pwani nzima ikageuka. Ni riwaya inayongoja mwandishi.

Lakini wewe unaamka ukiitazama Ngong, basi nikurudishe bara. Laiser ni ukoo wa Wamaasai, na kwa simulizi alizochapisha Mwingereza A. C. Hollis mwaka 1905, watu wa ukoo huo walikuta kiumbe mdogo ameketi juu ya mlima wao. Wakamdhania mtoto, wakamchukua nyumbani, kumbe ni mganga. Wengi husema mlima huo ni Ngong. Kutokana naye wakatoka Enkidongi, nyumba ya maoloiboni, yaani waganga na watabiri wa Wamaasai, hadi Supeet na mwanawe Mbatian katika karne ya 19.

Masharti? Yamejaa. Morani, yaani kijana shujaa wa Kimaasai, hali peke yake, wala hali nyama iliyoonwa na wanawake walioolewa. Rika lake humwekea mipaka kama adabu za London zilivyombana binti yule. Nao uchawi una kanuni zake: oloiboni hutikisa kibuyu au pembe ya ng'ombe, humwaga mawe, huyahesabu, kisha husoma jibu. Zamani morani walimwendea kabla ya kwenda kuteka ng'ombe, awape dawa na kuwaambia kama safari ina heri.

Sasa fikiria binti wa nyumba ya Enkidongi ambaye ameyasoma mawe akaona balaa pale baba yake alipoona heri, na morani wameshapaka rangi nyekundu, wanangoja ruhusa. Atamwambia nani, na kwa haki gani? Andika sura ya kwanza unitumie. Nitaisoma usiku huohuo.