Gari Haivuti Mlimani? Soma Namba Kabla ya Kununua Sipea

Leo naiweka mbolea pembeni, tuongee gari. Wengi wenu mna pikapu ya petroli ya kubebea mazao, na gari isiyovuta inakula faida kimyakimya kama viwavi.

Kuna kijana namhudumia, analima vitunguu Mang'ola. Pikapu yake ya lita 2.0 ilianza kukosa nguvu ikipanda na mzigo kwenda Karatu. Fundi wa kwanza akasema plagi, zikabadilishwa. Wa pili akasema pampu ya mafuta, ikabadilishwa. Zikatoka zaidi ya laki nne, na hiyo ilikuwa hela ya mbolea ya kukuzia. Vitunguu vikachelewa kupata mbolea na gari haikupona. Siku aliyokuja kwangu alikuwa ameshaambiwa injini imechoka, anatafuta mkopo wa kununua nyingine.

Nikamuuliza, "Dogo, hivi katika wote hao kuna aliyepima?"

"Hapana, bwana shamba. Wote walisikiliza tu mlio."

Shambani nawakataza kila siku: jani likiwa njano usikimbilie yurea, chimbua kwanza uone mizizi. Kwenye gari pia ni hivyo hivyo.

Sensa ya hewa inafanya nini

Baada ya chujio la hewa kuna sensa ndogo, mafundi wanaiita MAF. Ndani yake kuna waya mwembamba sana unaopashwa moto kwa umeme. Hewa ikipita inaupoza, na kompyuta ya gari inajua ni gramu ngapi za hewa zimeingia kila sekunde. Kwa namba hiyo inapanga kiasi cha petroli. Vumbi likigandia kwenye waya, sensa inasoma hewa pungufu, kompyuta inapeleka petroli pungufu, na mlimani gari inakufa nguvu. Tena mara nyingi haizimiki wala haileti kodi ya sensa, ndiyo maana watu wanabadilisha kila kitu isipokuwa yenyewe.

Angalizo: siyo kila gari ina MAF, nyingine zinapima presha ya hewa. Na za dizeli zina hesabu zake, haya ya leo ni ya petroli.

Jinsi ya kurekodi

Unahitaji kifaa kidogo cha OBD2 cha Bluetooth, kinachochomekwa chini ya usukani, na programu kwenye simu. Usichague vipimo vingi maana kifaa kitakuwa kizito. Hivi vinatosha:

- Mizunguko ya injini kwa dakika
- Hewa ya MAF, gramu kwa sekunde
- STFT na LTFT, yaani kompyuta inaongeza au kupunguza petroli kwa asilimia ngapi, papo hapo na kwa mazoea. Hizi unazijumlisha.
- Volti za sensa ya oksijeni ya nyuma kwenye ekzosi

Injini ipate moto kwanza. Rekodi dakika mbili bila kukanyaga mafuta, kisha kwenye tambarare, kisha mlimani na mzigo wako wa kawaida. Dereva aangalie barabara, simu ashike mwingine. Siku ile simu nilishika mimi.

Namba zetu zilisemaje

Gari ikiwa imesimama, marekebisho ya petroli yalikuwa +4. Hiyo ni kawaida, wala usihangaike mpaka yapite kama 10. Tambarare kwa mizunguko 2,500 yakafika +14. Mlimani, nusu ya kanyagio, +22. Alipokanyaga mpaka mwisho kwa mizunguko 4,000, MAF ilisoma gramu 38, na sensa ya oksijeni ikashuka hadi volti 0.1. Hapo inatakiwa iwe juu ya 0.8. Maana yake petroli haitoshi.

Gramu 38 ni ndogo au kubwa? Piga hesabu. Injini ya lita 2.0 inavuta lita 1 kila mzunguko. Mara 4,000, gawa kwa 60, unapata lita 67 kwa sekunde. Kwenye mwinuko wa Karatu, mchana wa joto, lita moja ya hewa ina uzito wa karibu gramu 1. Injini nzima inajaza asilimia 80 hadi 90 ya nafasi yake, kwa hiyo tungetegemea gramu 53 hadi 60. Sisi tulikuwa na 38.

Hapa wengi wanakosea. Gari hiyohiyo ikiwa Dar es Salaam, hewa ni nzito zaidi, karibu gramu 1.16 kwa lita, na namba zinapanda. Ukichukua namba ya pwani ukapimia Karatu, utailaumu sensa nzima.

Usomaji wenyewe

- MAF iko chini, marekebisho yanapanda kadiri unavyokanyaga, oksijeni inaonyesha petroli pungufu: sensa inasoma pungufu.
- MAF iko chini lakini marekebisho ni ya kawaida: sensa inasema kweli, injini haipumui. Angalia chujio lililoziba au ekzosi.
- MAF iko sawa, marekebisho yanapanda mlimani, oksijeni inaonyesha petroli pungufu: mafuta hayafiki. Hapo ndipo pampu na chujio la mafuta vinapohusika.
- Marekebisho yako juu gari ikiwa imesimama, yanashuka ukikanyaga: kuna hewa inaingia bila kupimwa, mara nyingi kwenye bomba la mpira lililopasuka baada ya sensa.

Sisi tulikuwa kundi la kwanza. Pampu aliyoinunua haikuwa na kosa lolote.

Tulichofanya

Tulifungua boneti. Chujio la hewa lilikuwa la bei rahisi, halikukaa vizuri kwenye nyumba yake, na vumbi la njia ya Mang'ola lilikuwa linapita pembeni. Tukazima gari, tukachomoa sensa, tukapulizia dawa maalumu ya kusafishia MAF. Usiuguse waya kwa kidole wala brashi, na usitumie upepo wa kompresa, utaukata. Tukaiacha ikauke kabisa, tukaweka chujio linalokaa sawasawa, kisha tukafuta kumbukumbu ya kompyuta kwa kile kifaa ili ijifunze upya.

Siku mbili baadaye tulirudi mlima uleule na mzigo uleule. MAF gramu 55, marekebisho ya mlimani +3, oksijeni volti 0.85. Kijana alipanda bila kusema neno, ila niliona anatabasamu.

Kama namba zisingebadilika, tungekagua nyaya za sensa ndipo tufikirie mpya. Na kabla ya kununua pampu, mwambie fundi apime presha ya mafuta kwa geji.

Mkopo wa injini hakuuchukua. Lakini mbolea iliyochelewa hairudi nyuma, na vitunguu vya msimu ule vilitoka vidogo. Ukiambiwa badilisha sipea, muulize fundi wako kwa heshima: "Fundi, namba zinasemaje?"