Umemeza Dawa ya Mafua? Usiendeshe Pikipiki



Kijana mmoja alikuja zahanati kwa mafua. Nilimpa vidonge vya Piriton. Akameza kimoja hapo hapo. Kumbe nje mama mjamzito anamngoja ampakie pikipiki! Nilimkimbilia, nikamzuia. Kosa lilikuwa langu: sikumwuliza kazi yake.

Piriton hupunguza mafua, lakini huleta usingizi. Macho huwa mazito. Mkono huchelewa kushika breki. Ukichanganya na pombe, usingizi huzidi. Tena, Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inakataza kuendesha chombo ukiwa umelewa pombe au dawa.

Basi, mwambie mganga kazi yako. Mwulize: "Dawa hii inaleta usingizi?" Ukiamka asubuhi bado mzito, usiendeshe.

Mafua hupona. Mguu uliokatika haurudi.